Gunia Ambalo Halikuzama

Wiki iliyopita tulimzika Mama Apolina pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa Tanganyika, na mimi, niliyeombwa kusema maneno ya dakika mbili, nilisema mpaka katekista akaanza kulitazama jua. Nililia, nikachekesha watu, nikalia tena. Nilisema mandazi yake yalikuwa makubwa hivi kwamba mtu akinunua moja Baraka alilila njia nzima mpaka Fizi, kupanda milima yote ile, na bado akafika na kipande cha watoto. Watu walicheka katikati ya machozi, maana walionizoea wanajua kwamba hesabu yangu ukiigawa kwa nne unapata ukweli. Lakini jambo moja sikulisema. Nilipolikaribia, rafiki yangu Amisi, ambaye siku hizi ni mwenye mitumbwi ya injini na tumbo la kulingana nayo, alinivuta shati kwa nyuma akanong'ona: "Ramazani, ile ya gunia uiache." Nikaiacha. Ila karatasi haivutwi shati, basi nitaiandika hapa.

Kilichonisukuma si msiba peke yake. Tulipokuwa tumekaa chini ya turubai tukingoja chakula, vijana wa msikitini waliokuja kutoa pole walikuwa wamekusanyika juu ya simu moja, vichwa vimegusana. Kulikuwa na video ya mtu fulani anayemtukana Mtume, na nilipopewa niitazame nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni, ingawa nina mvi za kutosha kujaza mto wa kulalia. Kijana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, huyu mutu tumufanye nini?" Nikamwuliza huyo mtu yuko mji gani. Hakujua. Nchi gani? Hakujua. Akafikiri kidogo, akasema kwa sauti ya chini, akiwa na sahani ya wali wa wafiwa Wakatoliki mkononi: "Lakini ata hapa bakristu bako." Hapo hapo nikasikia tena harufu ya mafuta ya moto, ile ya mwaka ule, na nikajua kwamba nikifa bila kusimulia nitaulizwa kaburini.

Habari za ukoo wangu na utoto wangu naziruka, hazina faida kwa mtu. Nianzie mwaka wa pili baada ya sisi kurudi kutoka kambini Tanzania, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na nimekaa kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa. Masomo ya jioni yalifanyika katika jengo la kanisa moja la Kiprotestanti, kuanzia saa tisa hadi jua kuzama, kwa watu wazima ambao vita viliwaibia shule. Tulikuwa madereva wa moto, ndivyo tunavyoziita pikipiki, wavuvi, bamama wenye watoto mgongoni, na polisi mmoja aliyekuwa anaweka bunduki chini ya dawati na kunakili majibu yangu. Waislamu tulikuwa saba. Adhana ya alasiri ikisikika, mwalimu aliiweka chaki mezani bila kuambiwa na kusema, "Mungu wenu anawaita, mwende haraka, wangu atangoja," tukatoka kwenda bombani kutawadha. Goti langu la kulia mpaka leo lina alama ya dawati lile. Daktari amesema hapana, lakini goti ni langu.

Nilikuwa nimepanga chumba pamoja na Amisi, nyuma ya msikiti. Nimekaa katika nyumba nyingi tangu wakati ule na sijapata kupenda chumba kama kile, ingawa kilikuwa kidogo hivi kwamba mmoja akitaka kuvaa suruali ilibidi mwingine atoke nje. Ukuta wetu wa matofali ya udongo ndio huo huo ukuta wa baraza la msikiti, kwa hiyo kila neno la wazee lilitufikia likiwa bichi. Tulisikia ndoa zikipangwa kabla bibi harusi hajajua. Tulisikia Shehe Bilali, imamu wetu, mtu mwembamba aliyekuwa fundi wa redio, akizisema redio kwa upole kama wagonjwa: "Sasa we, iko nini mu tumbo yako?" Tulikula bugali wa muhogo na kisamvu tunachokiita sombe, siku za heri samaki mgebuka mmoja wa wawili, na tulikula tukisikiliza. Amisi alikuwa dereva wa moto na alikuwa amehifadhi sehemu kubwa ya Kurani kule kambini. Alipokuwa akiosha moto yake alisoma kwa sauti, na wapita njia walisimama. Alikuwa mtu wa moyo mweupe na hasira fupi, hasira ya kiberiti.

Na mbele ya uzio wa shule alikuwa Mama Apolina. Karai lake lilikaa juu ya mafiga saa nane ya mchana, na kufikia saa tisa harufu ilikuwa imeingia darasani ikakaa kwenye madawati pamoja nasi. Alikuwa Mkatoliki wa rozari shingoni, mjane, mwenye mikono myekundu ya moto. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anatenga mandazi yetu Waislamu, anayafunika kwa kitenge safi, na mtu asiyefunga akinyoosha mkono pale alipigwa na mwiko: "Toka! Hii ni ya benye kufunga." Alifunga mandazi kwa karatasi zozote alizopata, madaftari ya zamani, fomu za forodha, barua za mapenzi za watu tunaowajua. Hakusoma hata herufi moja, kwa hiyo alikuwa anagawa siri za Baraka bila kujua, na mimi Kifaransa changu nusu nilikipata kwa mwalimu na nusu kwa karatasi za mandazi.

Sasa nieleze desturi moja, maana majirani wengi hawaijui. Kurani ikichakaa haitupwi. Kurasa zikichanika, juzuu za watoto zikiliwa na mchwa, tunazikusanya kwa heshima, na sisi wa kando ya ziwa tunazipa maji. Msikitini kwetu kulikuwa na sanduku la mbao karibu na mimbari. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, Shehe Bilali alizitia kurasa zote katika gunia, akalishona kwa mkono wake, na mtu mmoja aliyechaguliwa akalipeleka ufukweni, akatia mawe, akapanda mtumbwi mpaka maji yanapobadilika rangi, akaliteremsha pole pole kwa bismillahi. Mwaka ule nilichaguliwa mimi. Ilikuwa heshima kubwa, tena ilikuwa na maana nyingine, maana Shehe alikuwa ameniambia kwamba baada ya Idi atanipa watoto wa madrasa niwafundishe. Mimi, Ramazani wa dawati la mtoto, niitwe mwalimu! Nilikuwa nimekwisha kujipangia na namna ya kukohoa nikiingia darasani.

Nililibeba gunia kichwani baada ya adhuhuri. Lilikuwa gunia la unga, limeshonwa kwa uzi wa buluu na kufungwa kwa kipande cha mkeka wa zamani wa msikiti tulioukata sisi vijana wenyewe. Ufukweni upepo ulikuwa mkali, mwenye mtumbwi akakataa: "Leo apana. Ukuye kesho asubui." Kurudi na gunia msikitini ilikuwa mbali, na saa tisa nilikuwa na mtihani wa Kifaransa. Nikaliweka katika hangari, ghala la wafanyabiashara, kati ya magunia mengine, bila mawe, bila kumwambia mtu, nikakimbia. Jioni ile, mbele ya watu wote, Shehe akaniuliza kama nilifika mbali. Ningeweza kusema neno moja tu, kesho. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa mdomo wangu huenda peke yake. "Shehe," nikasema, "tulipiga kasia mpaka milima ya Tanzania ikaanza kutuuliza vitambulisho! Maji ni meusi sawa wino. Niliona samaki kubwa sawa ngombe, nayo ilitupisha njia!" Watu wakacheka, Shehe akaniombea dua. Mtihani ulichukua siku tatu, na asubuhi zake nilizimaliza kwa kukariri. Nilipokwenda hangarini siku ya nne, gunia halikuwepo. Nikajiambia kwamba mwenye mtumbwi amelizamisha kwa niaba yangu. Sikumwuliza, kwa kuogopa jibu.

Siku ya saba ya mfungo nilinunua mandazi manne, nikayaleta chumbani kwa futari. Tulikuwa na chai ya rangi na sahani ya maharagi. Adhana ikaita, Amisi akala tende, akafungua karatasi ya mandazi, na mkono wake ukasimama. Akaikunjua chini ya taa ya koroboi. Mafuta yalikuwa yamepenya katikati ya herufi, mistari imelainika, na midomo ya Amisi ikaanza kusoma yenyewe, kwa sababu aya zile alizijua kwa moyo. Halafu akalia. Mtu asidhani kwamba naidharau hasira iliyofuata. Nilimwona mtu mzima, dereva wa moto mwenye mabega ya mlango, akiifuta karatasi kwa shati lake jeupe, taratibu, kama anayefuta uso wa mgonjwa. Kilichomuuma kilikuwa mapenzi. Ila mimi kilichoniuma kilikuwa kingine, kwa kuwa niliitambua kona ya ule ukurasa iliyoliwa na mchwa. Nilikuwa nimeuweka gunini mimi mwenyewe.

"Hii umetoa wapi?" akauliza.

"Kwa Mama Apolina," nikasema, na hilo lilikuwa kweli, na sikuongeza neno. Mimi! Siku pekee maishani mwangu niliyosema maneno machache ilikuwa siku ile.

Amisi alitoka na karatasi, na mimi nikabaki na chai inayopoa, nasikiliza ukuta. Nilisikia sauti za vijana zikiongezeka. "Banatutukana mu mwezi wetu." "Ni bapadri banamutuma, yee peke yake hawezi." "Tuende tumupindulie lile karai." Nikasikia Mzee Alimasi, aliyekuwa mkuu wa wazee wa msikiti, mtu ambaye hata akikusalimu unajisikia umekosea kitu, akisema: "Miye nilisema zamani, tusikule chakula ya mutu asiyejua thamani yetu." Na Shehe Bilali, pole pole: "Kesho kisha alasiri nitaenda miye kumuuliza." Vijana wakasema ndiyo Shehe, na baada ya yeye kuingia ndani wakakubaliana kwenda mapema zaidi, baada ya adhuhuri. Nilikuwa na njia ya kuwazuia wote kwa sentensi moja. Nikaipima ile sentensi na madrasa yangu, na kikohozi changu cha mwalimu, na jina langu Baraka nzima, na nikanyamaza mpaka asubuhi.

Tulikuwa kumi na wanne. Ningekuwa nasimulia kwa mdomo tungekuwa elfu mbili na vumbi lingefunika ziwa, lakini tulikuwa kumi na wanne, na mimi nilikuwa wa mwisho. Mama Apolina alikuwa amekwisha kuliweka karai, mafuta yanaanza kuimba. Alituona, akafurahi.

"Karibuni batoto yangu! Mufungo iko namna gani? Lakini munakuya mapema, jua ingali kwa kichwa. Ya kwenu nitakaanga kisha."

"Mama, hatukuye kula," Amisi akasema.

"Sasa munataka nini?"

Amisi akainua ile karatasi. "Hii ni nini?"

"Ni karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Ya mandazi, mwana wangu. Ya nini ingine?"

"Anatucheka!" mmoja akapiga kelele, na kikapu cha karatasi kikapinduliwa kwa teke. Upepo wa ziwani ukazichukua, zikatapakaa kati ya miguu yetu, chini ya benchi, mpaka kwenye uzio wa shule. "Ni Kurani, Mama!" Amisi akamsogezea karatasi usoni. "Ni maneno ya Mungu! Unafungia mandazi!"

Mwiko ulimponyoka Mama Apolina. "Yezu wangu," akasema. "Nilipewa gunia pale mu hangari, banasema haina mwenyewe. Miye sisome ata jina yangu, Amisi. We mwenyewe njo unanisomeaka barua za mutoto wangu."

Hilo lilikuwa kweli, na Amisi aliyumba kidogo. Lakini nyuma yake wawili walikuwa wamekwisha kushika masikio ya karai kwa vitambaa. Mafuta ya moto, na yule mama amesimama hatua mbili, miguu mitupu. Hapo mdomo wangu, ambao umenidhuru mara elfu, ukanitendea wema mara moja.

"Ni miye!" nikasema. "Muache iyo karai. Ile gunia ni miye nilipewa kuzamisha. Sikuizamisha."

Unadhani waliniamini? Amisi hata hakugeuka. "Ramazani, apana sasa. Leo si siku ya hadisi yako."

"Ni kweli!"

"Ulituambia ulifika kati ya ziwa."

"Nilidanganya."

"Na samaki ya ukubwa wa ngombe?"

"Amisi, sikuona ata ndagala moya kadogo."

"Anamutetea kwa sababu anamupatiaka mandazi ya bure!" mwingine akasema, na wenye karai wakaliinua, mafuta yakacheza ukingoni. Nilivuna siku ile shamba lote la uongo wangu. Nilikuwa na ukweli mkononi na hakuna aliyetaka kuupokea, kwa kuwa ulitoka kwangu. Mama Apolina ndiye aliyeniokoa. Aliingia nyuma ya kibanda chake, akatoka na gunia la unga, akalitandaza juu ya benchi. Uzi wa buluu wa Shehe Bilali ulikuwa bado pembeni. Kipande cha mkeka wa msikiti kilikuwa bado kimefungwa shingoni mwa gunia. Kila mmoja wetu alikuwa ameukata mkeka ule. Karai likarudishwa juu ya mafiga, taratibu sana.

Kisha Amisi akanigeukia mimi, ngumi imekwisha kuwa tayari, na nakuapia ngumi ile ilikuwa kubwa kuliko andazi. Nikafumba macho. Nikasikia sauti ya Mama Apolina, wala haikuwa kali.

"Amisi. Inua muguu."

"Nini?"

"Inua muguu, mwana wangu. Uko nakanyaga Mungu yako."

Nikafumbua macho. Chini ya ndara ya Amisi kulikuwa na ukurasa. Chini ya ndara yangu kulikuwa na mwingine. Watu kumi na wanne tuliokuja kukitetea Kitabu tulikuwa tumesimama juu yake kwa miguu ishirini na minane, na mtu pekee aliyekuwa amepiga magoti anaokota, anapuliza vumbi, anaweka kurasa juu ya kitenge chake safi cha kufunikia mandazi yetu, alikuwa yule Mkatoliki asiyejua kusoma. Amisi aliinua mguu kana kwamba amekanyaga kaa la moto. Halafu wote tukapiga magoti. Tuliokota mpaka adhana ya alasiri, na hakuna aliyenitazama usoni.

Shehe Bilali alinisikiliza barazani, mbele yake redio iliyopasuliwa tumbo. Nilimaliza kueleza, bila samaki, bila milima. Akaweka bisibisi chini, akasema: "Ya kuchelewa, ningekusamehe ile siku. Lakini ulinifanya niombe dua juu ya uongo." Maneno hayo yaliniingia kuliko ngumi yoyote. Madrasa nikaisahau mwenyewe, bila kuambiwa, na jina la mwalimu lilinifikia miaka mingi baadaye. Mzee Alimasi alisema mimi ni mvivu, lakini mama yule bado alifungia chakula kwa maneno ya Mungu, na Waislamu wasinunue tena kwake, ndiyo adabu ndogo kabisa. Shehe akamjibu: "Alimasi, matusi iko na mwenyewe. Hapa nilimutafuta, sikumuona. Niliona muvivu moya, na mama moya mwenye kukaanga." Kijana mmoja akauliza, na kama angefanya kwa kusudi? Shehe akaichukua bisibisi, akaiangalia. "Ningeenda kumuuliza sababu. Muchana, miye peke yangu. Watu wa mji wa Taif walimpiga Mtume mawe mpaka viatu vikajaa damu, na akawaombea. Nyie mulikuwa mumepigwa na jiwe gani?"

Hata hivyo neno la Mzee Alimasi lilikuwa zito. Siku kumi na moja hakuna Mwislamu aliyenunua kwa Mama Apolina, wengine kwa hasira, wengi kwa kuogopa kuonekana. Na Wakristo nao waliogopa kupita pale, wakidhani vita vinaanza. Alikaa na karai lisilo na mafuta, mikono juu ya magoti. Mimi na Amisi tulikuwa na kazi tuliyopewa na Shehe, kwenda nyumba kwa nyumba kutafuta kila ukurasa uliokwisha kutoka na mandazi. Hatukuwa tunasemezana. Aliendesha moto, mimi nyuma, na Mama Apolina katikati yetu kama ukuta wa nchi mbili, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua nani alinunua lini. "Ile nyumba ya mabati mapya, mandazi bitatu, siku ya soko," alisema, na ilikuwa hivyo. Kichwa chake kilikuwa daftari.

Nilichokiona katika nyumba zile sijakisahau. Tulikuwa tunasimama mlangoni tukiwa na aibu, tunaeleza, na watu waliokuwa wanakula wanaacha kula. Mwanamke mmoja Mprotestanti alipekua jalala lake kwa mikono yake, akatuletea kipande cha ukubwa wa kiganja, amekiosha, anaomba radhi kwa kukiosha. Mwalimu wangu wa Kifaransa alikuta ukurasa katika kitabu chake, alikuwa ameuweka pale kwa kupenda maandishi yake. Muuza samaki mmoja alituma kutoka Kazimia karatasi mbili ndani ya bahasha ya kanisa lake. Na siku ya tisa alikuja mama mmoja mkulima kutoka Lubondja, kwa miguu, na kitambaa cheupe kimekunjwa mara nane. Ndani kulikuwa na robo ya ukurasa. "Nilisikia munatafuta," akasema. "Sikujua kama hii ni ya kwenu ao ni ya dawa, lakini nilisema, mutu akipoteza neno la Mungu wake hawezi kulala." Akakataa hata maji, akarudi. Amisi alimtazama akienda mpaka alipopotea, na bila kunigeukia akasema: "Ramazani, uko mupumbavu." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu katika siku tisa, na niliyapokea kama zawadi ya Idi.

Siku ya kumi na moja Shehe alizishona kurasa zilizopatikana katika gunia jipya. Tukalipeleka mimi na Amisi, na ufukweni tukamkuta Mama Apolina amekaa juu ya rundo la mawe, amevaa kitenge cha misa. Aliyachagua mwenyewe, moja moja, ya mviringo, yasije yakachana karatasi. "Nitaenda nanyi," akasema. Mzee Alimasi, aliyekuwa amekuja kuhakikisha safari hii kwa macho yake, akasema haiwezekani, hana udhu. Shehe, aliyekuwa ametufuata nyuma, akamwuliza kama wale kumi na wanne waliosimama juu ya Kitabu walikuwa na udhu. Mama Apolina akapanda. Hakuwa amepanda mtumbwi tangu siku tulizokimbia vita, na alishika ukingo kwa mikono miwili macho yamefumbwa, mpaka maji yalipobadilika rangi. Tuliteremsha gunia watu watatu, mikono sita kwenye kamba moja. Amisi alisoma. Lilipotoweka, Mama Apolina akafanya ishara ya msalaba, nikamtazama Amisi nikiwa na hofu, na Amisi akasema tu: "Mama, ushike ukingo, usitupindule."

Tuliporudi nchi kavu jua lilikuwa limeinama. Amisi akavuta mtumbwi, akajikuna shingo.

"Mama, leo utakaanga?"

"Nani atakula?"

"Miye."

"Karatasi sina tena. Na sitaki kuona karatasi."

Amisi akavua kofia yake, ile nyeupe ya darizi aliyoletewa kutoka Kigoma, akaigeuza. "Utatia humu."

Tulikaa naye wakati anakanda na kukaanga, tukifunga, pua zetu zikiteseka. Aliijaza kofia mpaka ikavimba. Amisi akapita nayo barabara kuu ya Baraka, kichwa kitupu, mafuta yakipenya kwenye darizi na kumchuruzika mkononi, na kila aliyemwuliza alimjibu kwa sauti ya kusomea Kurani: "Ni ya Mama Apolina!" Barazani akaiweka kofia katikati ya mkeka wa futari, kati ya tende na uji. Watu wakaitazama. Adhana ikaita. Amisi akachukua la kwanza, mimi la pili, Shehe Bilali la tatu. Kisha hakuna mkono. Kofia ilikaa pale, na nilisikia uji ukinywewa kwa adabu nyingi. Mzee Alimasi alikula tende yake, akafuta vidole kimoja kimoja. Akanyoosha mkono, akachukua andazi, akalivunja, akatafuna muda ambao mimi ningeweza kusoma darasa la sita lote.

"Sukari kidogo," akasema, na akachukua la pili.